Mbio Zilizohukumiwa kwa Masikio

Kila asubuhi Ketsia alifanya kazi zilezile kwa mpangilio uleule. Alifagia uwanja, akawasha makaa kwenye mbabula, akachemsha maji ya chai ya baba yake, Papa Isidore, akavaa sketi ya bluu na shati jeupe, kisha akashika njia ya shule kando ya reli. Hakusahau kitu, hakuvunja kitu, hakunung'unika. Majirani wa mtaa wa Kataki walimsifu wakisema, "Mutoto wa Isidore amekomaa." Majirani nao wana haraka ya kusifu. Wangemwangalia vizuri, wangeona kwamba msichana yule wa miaka kumi na mitatu alikuwa anatembea tu kwa sababu miguu yake ilizoea kutembea.

Mama yake alikuwa amefariki msimu wa mvua uliopita. Baada ya matanga, shangazi yake alikuja kutoka Moba, mji mwingine wa ziwani, akamchukua Laure, mdogo wake Ketsia, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, wakaondoka kwa boti. Siku ile bandarini Laure alilia mpaka sauti ikamkauka. Ketsia hakulia. Alingoja machozi yaje, hayakuja. Alingoja huzuni, nayo haikuja. Tangu hapo akawa hivyo. Mboga ya sombe ikiwa na chumvi au isiwe nayo, kwake ilikuwa sawa. Wenzake wakicheka, naye alicheka, ili wasimwulize ana nini. Nyumbani, yeye na baba yake, aliyekuwa mpakiaji wa mizigo bandarini, walizungumza habari za maji, makaa na chakula. Jina la Laure halikutajwa, wala la Mama.

Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamsukuma, nacho ni mbio. Si kwamba alizifurahia. Ila mashindano ya shule mwaka ule yangefanyika Moba, na kila shule ilitakiwa kupeleka msichana mmoja wa mbio ndefu. Msichana huyo angepanda boti, angefika Moba, na Moba ndiko alikokuwa Laure. Ketsia hakumwambia mtu. Alianza tu kukimbia jioni kwenye mchanga wa ziwa, peke yake, na watu wakadhani ametumwa dukani na amechelewa.

Hapa lazima nieleze jinsi shule ile ilivyohukumu mbio, maana desturi yenyewe si ya kila mahali. Kengele yao ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kati ya nguzo mbili uwanjani. Zamani washindani walikimbilia kamba, na kila mwaka ugomvi haukukosa: mara mwamuzi amempendelea mtoto wa dada yake, mara mwamuzi alikuwa anaangalia kando. Mwishowe wakubwa wa shule wakaamua kwamba macho ya mwamuzi yasitumike kabisa. Kila mkimbiaji akawa anapewa bolti ya reli aibebe mkononi. Mwamuzi akawa anasimama ameipa kengele mgongo. Anayefika anagonga chuma kwa bolti yake. Mwamuzi akisikia mlio anageuka, na atakayemkuta kwenye chuma ndiye mshindi. Walijivunia sana utaratibu huo. Walijiona wameumaliza upendeleo duniani.

Basi Jumamosi moja wasichana walishindana. Walianzia ufukoni, wakavuka reli, wakapanda mlima mdogo kuelekea shule. Wengi waliachwa njiani wakishika mbavu. Mbele walibaki wawili, Ketsia na Rachelle, binti wa Mama Hélène anayeuza samaki wa mikebuka sokoni. Wawili hawa walikaa benchi moja darasani. Rachelle alikuwa msichana wa kelele na vichekesho, hata akikimbia aliongea. Walipoingia uwanjani walikuwa bega kwa bega. Rachelle akajikwaa kwenye jiwe, kucha ya kidole gumba ikang'oka, lakini hakusimama. Wanafunzi waliwazunguka wakiruka na kupiga makelele, vumbi likafunika kila kitu.

Ngaa! Mlio ulikuwa mmoja.

Mkuu wa shule, ambaye wanafunzi walimwita Prefe Félicien, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Aligeuka haraka, akakuta bolti mbili na mikono miwili juu ya chuma, mmoja kila upande.

"Mulio mumoja, mikono miwili!" alitangaza. "Wamepiga kwa mara moja. Hakuna aliyemushinda mwenzake."

Madame Bertille, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa barazani. Alipiga makofi, akasema kwa sauti kubwa kwa lugha ile anayoifundisha, "Dead heat!" Watoto wakalidaka neno, wakaenda nalo wakiliimba bila kujua maana yake. Prefe akaamuru mbio zirudiwe Ijumaa, kati ya hao wawili tu.

Ketsia alibaki anauangalia mkono wake. Mtu akigonga reli kwa bolti, mtetemo hupanda mpaka kwenye kiwiko. Kila mwanafunzi aliyewahi kutumwa kupiga kengele anajua. Yeye hakuhisi mtetemo wowote. Alichokumbuka ni kwamba mkono wake ulipita pembeni ya chuma, ukapiga hewa, halafu alipousikia mlio akaurudisha haraka na kuulaza pale. Alichokumbuka ndicho hicho. Lakini akajiambia: siku hizi sihisi kitu, hata chumvi siihisi. Labda niligonga, ila sikuhisi. Wazo hilo likamkalia vizuri, akaenda nalo nyumbani, akapika, akalala.

Jumatatu, Madame Bertille aliandika maneno yale mawili ubaoni.

"Madame," Dieumerci alidakia, "si ina maana joto lililokufa?" Darasa likacheka.

"Ukitafsiri neno kwa neno utapotea njia, mwanangu," alisema Madame. "Zamani kwa Waingereza, farasi walishindana kwa mizunguko, na kila muzunguko uliitwa 'heat'. Farasi wawili wakifika pamoja kabisa, muzunguko ule ulihesabiwa umekufa. Haukumupa mutu ushindi, na mbio zikarudiwa. Njo maana na sisi tunarudia Ijumaa."

"Na mpira ukiisha mbili kwa mbili?" aliuliza Elie.

"Hapana. Mpira una neno lake, tutalifikia. Hili ni la watu wanaokimbilia mwisho mumoja, wakaufikia kwa mara moja."

"Na kama mumoja amemutangulia mwenzake kwa unene wa kidole?" Elie aliuliza tena.

"Basi ametangulia. Watu wanapenda kulisema neno hili hata pale wanapokaribiana tu, na wanakosea. Kukaribiana siyo kuwa sawa."

Dieumerci, ambaye hakuwahi kunyamaza mpaka mwisho wa somo, alinyanyua mkono tena. "Madame, mimi na kaka yangu jana tulikimbilia sahani ya bukari. Mama alisema tumefika sawa."

"Mama yenu aliona?"

"Aliona. Mimi njo nilifika kwanza. Alisema sawa ili kaka asinune."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa darasa la jirani akagonga ukuta. Madame Bertille naye alicheka, kisha akapangusa chaki mikononi. "Mama yenu ni mwema, lakini neno letu halifai pale. Sikilizeni nyote. Neno hili linafaa pale tu ambapo hakuna hata mumoja aliyetangulia. Akiwepo mutu anayejua nani alitangulia, hata kama amenyamaza, mushindi yuko. Amefichwa tu."

Kisha akaandika sentensi ubaoni kwa Kiingereza, kwamba Ketsia na Rachelle walifika kwa mara moja, bila mshindi. Akamwomba Ketsia aisome. Ketsia akasimama, akaisoma bila kukosea hata herufi. Darasa zima likarudia baada yake. Sauti yake ilikuwa tambarare, na uso wake vilevile.

"Tumeingia kwenye Kiingereza!" Rachelle alimnong'oneza alipokaa, akimsukuma kwa kiwiko. Kidole chake kilikuwa kimefungwa kwa kipande cha kitenge, na damu imekauka pembeni.

"Utaweza kukimbia Ijumaa?" Ketsia aliuliza.

"Nitakimbia. Hata kwa kisigino nitakimbia." Rachelle akacheka. Lakini alipousogeza mguu chini ya benchi, alijiuma mdomo na macho yakamlengalenga.

Ketsia aliyaona yote. Alijua kwamba kidole kile hakingepona kufikia Ijumaa, kwamba yeye angeshinda bila jasho, kwamba angepanda boti. Alitazama ndani yake kama kuna kitu chochote, aibu au furaha au huruma, akakuta hakuna. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu matanga, akaogopa. Aliogopa kwamba mtu anaweza kumwangalia rafiki yake anaumia na asihisi kitu, na kesho yake akaamka akafagia uwanja.

Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Hakwenda chooni. Bolti ya Jumamosi bado ilikuwa mfukoni mwa sketi yake. Uwanja ulikuwa mtupu, madarasa yote yanasoma. Alisimama mbele ya kipande cha reli, akakunja mkono, akagonga kwa nguvu zake zote.

Mtetemo ulipanda kwenye vidole, kifundo, kiwiko mpaka begani, meno yakagongana. Aliumia! Aliumia sana, hata akainama amekumbatia mkono. Alihisi kila kitu. Mkono haukuwa umekufa, haukuwa umelala. Kumbe Jumamosi ungegonga, angejua.

Sasa, ukipiga kengele ya shule katikati ya masomo, usitegemee kubaki peke yako na mawazo yako. Darasa la kwanza lilitoka mbio likidhani ni mapumziko. Wengine wakafuata. Mvulana mmoja alikuwa ameshafika getini na ameshauma mkate wa mafuta kabla walimu hawajaelewa kuna nini. Prefe Félicien alikuja anatembea haraka, miwani mkononi.

"Nani amekutuma kupiga kengele?"

"Hakuna, Prefe."

"Ni wewe njo umeipiga?"

"Ni mimi. Nilitaka kujua kama mukono wangu unasikia."

Prefe alimtazama. Shule nzima ilikuwa imewazunguka, na Rachelle alikuwa anakuja nyuma akichechemea. "Na umesikia nini?"

"Nimesikia maumivu," alisema Ketsia. "Siku ya mbio sikusikia kitu. Sababu sikupiga, Prefe. Nilipita pembeni. Rachelle njo alipiga, halafu mimi nikaweka mukono."

"Lakini mulio ulikuwa mumoja!" Prefe alisema, kama mtu anayedai haki yake.

"Ulikuwa mumoja kwa sababu aliyepiga alikuwa mumoja."

Prefe aligeuka akakitazama kipande cha reli, kisha akawatazama walimu wenzake, nao wote wakawa na jambo la kuangalia chini. Desturi yao nzuri iliyomaliza upendeleo duniani ilikuwa imedanganywa na kiganja cha mtoto. Mwishowe akavaa miwani yake, akasema kwamba Rachelle ndiye mshindi, kwamba Ijumaa hakuna mbio, na kwamba kuanzia sasa atakuwepo mtu wa kusikiliza na mtu wa kuangalia. Hilo la kuangalia alilisema polepole, kama anayemeza dawa. Ketsia akapewa adhabu ya kufagia uwanja wa shule wiki nzima, kwa ajili ya kengele na kwa ajili ya uongo.

Msifikiri Rachelle alimkumbatia. Alikasirika, na alikuwa na haki.

"Ulijua," alisema walipobaki wawili. "Uliniona na kidole hiki, na ulijua."

"Nilijua. Nilijiambia sijui."

"Ungeniacha nikimbie Ijumaa."

Ketsia alitaka kusema hapana. "Ndiyo," alisema. "Nilikuwa nitakuacha."

Rachelle hakumsemesha tena siku ile. Kesho yake Ketsia alipoingia darasani alimkuta ameweka mkoba wake katikati ya benchi kama ukuta. Ketsia akakaa pembeni. Ilikuwa karibu na mwisho wa vipindi ambapo Rachelle aliuondoa mkoba, akauweka chini, akamwuliza kama amefanya zoezi la hesabu.

Lakini jioni ile ya Jumatatu, kabla ya hayo, Ketsia alikuwa na kazi moja iliyobaki. Papa Isidore alirudi kutoka bandarini, akanawa, akakaa kwenye kiti chake kidogo karibu na mbabula. Ketsia alikuwa anasonga bukari. Alimwambia yote akiwa amekishikilia kijiko cha mti, bila kumtazama: mkono uliopita pembeni, mlio mmoja, sentensi ya ubaoni, kengele.

Baba yake alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu wa makelele. "Kwanini uliutaka sana ushindi huu?" aliuliza. "Wewe siku hizi hutaki kitu."

"Nilitaka kwenda Moba."

"Kufanya nini Moba?"

"Kumuona Laure."

Jina hilo lilikuwa halijasemwa ndani ya ua ule tangu boti iondoke. Kijiko kilisimama ndani ya sufuria. Macho ya Ketsia yalijaa maji, akadhani ni moshi, akajifuta, yakajaa tena, akajifuta tena, kisha akaacha kujifuta. Alilia kwa sauti kama mtoto mdogo, akilia Mama, akilia Laure, akilia kidole cha Rachelle. Bukari ikashika chini na kuanza kuungua. Papa Isidore aliinuka, akaiepua, akakaa chini kabisa kwenye vumbi karibu na binti yake, naye macho yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nilifikiri umemusahau," alisema. "Nikasema, acha nisimutaje, nisikuumize. Kumbe tulikuwa tunanyamaziana bure."

Alimngoja apumue. Kisha akasema maneno ambayo Ketsia hakuyasahau.

"Sikiliza, mama yangu. Mutu anaweza kukosa machozi mwaka mzima, hakuna wa kumuhukumu. Moyo unachoka kama mugongo unavyochoka na gunia. Lakini kusema hujui jambo unalolijua, huo ni uongo, hata kama wa kwanza kudanganywa ni wewe mwenyewe. Na ukishajidanganya wewe, kumudanganya Rachelle, na Prefe, na shule nzima, inakuwa kazi nyepesi. Leo umefanya vizuri kusema. Ungesema Jumamosi, ungefanya vizuri zaidi."

"Ndiyo, Papa."

"Na kesho Rachelle akiwa bado amekasirika, umuache akasirike. Ni haki yake."

"Ndiyo, Papa." Ketsia alivuta kamasi, akaitazama bukari iliyoungua. "Sasa Laure nitamuona lini?"

"Likizo ikifika tutapanda boti, mimi na wewe. Ungeniambia, tungeshaenda," alisema Papa Isidore. "Mwanangu, kumuona mudogo yako siyo zawadi ya kushindania."